Plastiki Inayokumbuka Umbo Lake



Siku moja alirudi kwetu mama mmoja wa upande wa Butiama, mtoto mgongoni, na mkononi ameshika kitu kilichofungwa ndani ya kanga. Mtoto huyo wa miaka minne alikuwa ameungua kiganja kwa uji wa moto. Vidonda vilipoanza kukauka, mtaalamu wa viungo alimtengenezea gango la plastiki la kunyosha vidole, alivae mpaka kovu litulie. Mama alifungua kanga akanionyesha. Gango halikuwapo tena. Kilichokuwapo ni kipande cha plastiki kilicholala bapa kama soli ya kandambili.

"Sista, sikukivunja," alisema. "Nilikiosha tu, nikakianika juu ya bati la banda la kuku. Niliporudi kutoka kisimani nikakikuta kimekuwa hivi."

Alikuwa na hofu ya kugombezwa. Jirani yake alikwisha kumwambia kwamba amepewa kitu kibovu. Kumbe kitu hakikuwa kibovu, wala mama hakuwa na kosa. Tuliokosea ni sisi, maana tulimpa kifaa bila kumweleza tabia yake. Na kosa hilo lilikuwa na gharama: kwa siku zile alizokaa nyumbani akiogopa kuja, vidole viwili vya mtoto vilikuwa vimeanza kujikunja.

Ndiyo sababu mwezi huu nimeona tuzungumze juu ya plastiki za aina hii, ambazo wataalamu huziita plastiki zenye kumbukumbu ya umbo. Tutaona zinavyofanya kazi, mahali unapokutana nazo bila kujua, na jinsi zinavyomsaidia mgonjwa wa mkoa wetu wa Mara.

PLASTIKI HUKUMBUKAJE?

Plastiki haina akili. Tunaposema "inakumbuka" tuna maana kwamba ina umbo la asili ililopewa ilipotengenezwa. Unaweza kuibadilisha ikachukua umbo jingine la muda na kukaa nalo miezi mingi. Lakini ikipata joto la kiasi fulani, huliacha lile umbo la muda na kurudi kwenye umbo la asili.

Hebu tuchukue mfano. Chukua ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, ule tunaofungia mizigo kwenye keria. Uvute mpaka urefuke. Ukiuachia, unarudi papo hapo. Sasa fikiri kwamba ukiwa bado umeuvuta, mwenzako anaumwagia nta ya mshumaa iliyoyeyuka, na nta ile inaganda nene kuuzunguka mpira wote. Ukiuachia sasa, haurudi. Nta imeushika. Mpira bado una nguvu ya kurudi, lakini umefungiwa ndani. Siku utakapoupasha joto, nta italainika na mpira utajivuta kurudi ulivyokuwa.

Katika plastiki zenye kumbukumbu, mpira na nta vimo ndani ya kitu kimoja. Plastiki yoyote ni mkusanyiko wa minyororo mirefu na myembamba mno ya molekuli. Katika plastiki hizi minyororo imeunganishwa kwa mafundo, kama nyuzi za wavu wa kuvulia samaki zinavyounganishwa. Mafundo hayo ndiyo yanayotunza umbo la asili. Hiyo ndiyo kazi ya mpira katika mfano wetu. Na kati ya fundo na fundo zipo sehemu zinazoganda zikipoa na kulainika zikipata joto. Hiyo ndiyo kazi ya nta.

Plastiki isiyokuwa na mafundo hayo, kwa mfano ndoo ya kawaida, ukiipasha moto sana huyeyuka na kuharibika tu. Haina mahali pa kurudi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kila unapokutana na kifaa cha aina hii jiulize swali moja: Je, umbo lake la asili ni lipi? Yaani kinakumbuka nini? Ukishajua hilo, utajua kama joto ni rafiki wa kifaa hicho au ni adui yake.

UMEKWISHA KUKIONA KITU HIKI

Wengi wetu tumeona plastiki hizi bila kuzitambua. Fundi umeme mwangalifu akiunganisha nyaya mbili huvisha kwanza kimrija cha plastiki juu ya kiungo, kisha hukipasha moto kwa kiberiti au kwa mashine ya kupulizia hewa ya moto. Kimrija husinyaa na kuubana waya pande zote, maji yasiingie. Wavuvi wetu wa dagaa hapa Musoma, ambao wengi wameacha karabai wakahamia taa za betri, wajua thamani ya kiungo kisichoingiza maji ziwani usiku.

Kimrija kile kilitengenezwa kiwandani kikiwa chembamba. Kikapigwa mionzi ili minyororo yake ifunge mafundo, kikapashwa joto, kikapanuliwa, kikapozwa kikiwa kimepanuka. Kinachokumbuka ni wembamba wake. Fundi akikipa joto, hurudi kuwa chembamba. Hapa joto ni rafiki. Kazi ya namna hii ilianza kuwa biashara kubwa huko Marekani tangu miaka ya 1950, na kampuni ya Raychem iliyoanzishwa mwaka 1957 ni mojawapo ya zilizoieneza duniani.

Mfano mwingine umo jikoni. Miminia chai inayochemka katika kile kikombe chembamba cha plastiki cha kutumia mara moja, nawe utaona kinajikunja. Kikombe hicho kilitokana na karatasi bapa ya plastiki iliyovutwa katika kalibu. Kikipata joto, karatasi ile inataka kurudi. Plastiki hiyo haikutengenezwa kwa kusudi la kukumbuka, lakini tabia ni ile ile. Na kwa kuwa tuko ukurasa wa afya, niseme pia kwamba vikombe hivyo havikutengenezwa kwa vinywaji vya moto. Tumia kikombe cha bati au cha udongo.

Wahandisi wanaendelea kuzitafutia plastiki hizi kazi nyingine nyingi: bawaba za vyombo vya angani zinazojikunjua zikipashwa joto, skrubu zinazoachia zenyewe ili kifaa kilichokufa kifumuliwe kwa urahisi, nguo na viatu vinavyokaa kufuata mwili. Mengi kati ya hayo yako kwenye majaribio. Sisi turudi wodini.

GANGO LA MKONO

Ngozi iliyoungua inapopona hutengeneza kovu, na kovu lina tabia ya kusinyaa. Likiwa kwenye kiganja huvuta vidole ndani; likiwa kwenye kiwiko huukunja mkono; likiwa shingoni huvuta kidevu kifuani. Mtoto aliyeachwa hivyo hukua na mkono usioweza kushika kalamu wala jembe, na kumnyosha baadaye huhitaji upasuaji. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Kovu nalo hunyoshwa lingali bichi.

Gango la plastiki huja likiwa karatasi bapa. Mtaalamu hulikata kwa kipimo cha mkono, hulitumbukiza katika maji ya nyuzi 65 hadi 70 za Sentigredi kwa muda mfupi, nalo hulainika kama chapati. Hulifuta maji, huliacha joto lipungue kidogo lisimwunguze mgonjwa, kisha hulilaza juu ya mkono na kulishika mpaka ligande, kazi ya dakika chache tu. Likikosewa, hurudishwa majini, hulala bapa tena, na kazi huanza upya. Mkono ukizidi kunyoka wiki baada ya wiki, gango lile lile hupashwa na kurekebishwa. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko plasta nyeupe, ile ambayo watu huiita muhogo, maana muhogo ukikosewa hutupwa.

Lakini angalia gango hilo linakumbuka nini. Halikumbuki mkono wa mtoto. Linakumbuka ubapa wa kiwandani. Mkono wa mtoto ni umbo la muda tu. Kwa hiyo joto, ambalo ni rafiki mikononi mwa mtaalamu, likishafika nyumbani ni adui. Bati la mchana wa jua kali laweza kufikia nyuzi 60 na zaidi, na hapo ndipo sehemu zile za nta zinapolainika. Mama wa Butiama alilianika gango, na gango likarudi kwao.

Tulimtengenezea mtoto gango jingine kutokana na kipande kile kile, siku ile ile. Mama alishangaa. Na vidole, kwa mazoezi ya kila siku ambayo mama mwenyewe alijifunza kuyafanya, vilinyoka tena.

Niongeze neno kwa wale walio mbali na hospitali yenye plastiki hizi. Msikate tamaa. Mkono wa mtoto unachohitaji ni kukaa katika mkao sahihi. Gango la plasta nyeupe lililofungwa vizuri, pamoja na mazoezi, hufanya kazi hiyo hiyo.

BARAKOA YA TIBA YA MIONZI

Wapo wagonjwa wetu kutoka Musoma, Bunda na vijiji vya Butiama ambao hugunduliwa kuwa na saratani ya koo, ya mdomo, ya pua au ya tezi za shingo, wakapewa rufaa ya kwenda kutibiwa kwa mionzi. Kwa Kanda ya Ziwa, hospitali ya rufaa ni Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania ikiendeshwa kwa ushirikiano na Serikali. Huko huduma ya mionzi ipo. Wengine hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Mgonjwa wa kichwa au shingo akifika huko, aghalabu atatengenezewa barakoa ya plastiki. Hii si ile ya kuzuia mafua. Ni wavu mgumu unaofunika uso wote na pengine mabega, nao hufungwa kwenye meza ya matibabu. Wapo walioiona wakatoroka wakidhani watazibwa pumzi. Nimemsikia mzee mmoja akisema, "Mimi siwezi kufungwa kama mfungwa." Hofu yake naielewa. Basi tuelezane.

Mionzi inayoua saratani huua pia chembe nzima za mwili ikizikuta. Wataalamu hupima mahali pa kuielekeza kwa milimita. Jirani na koo upo uti wa mgongo; jirani na pua yapo macho. Mgonjwa akigeuza kichwa kidogo tu, mionzi huenda pasipotakiwa. Tena matibabu hayafanyiki siku moja. Mara nyingi ni siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6 au 7, na kila siku kichwa lazima kilale vile vile kilivyolala siku ya kwanza. Hakuna binadamu awezaye hilo kwa nguvu zake mwenyewe. Barakoa ndiyo inayomsaidia.

Hutengenezwa hivi. Karatasi ya plastiki yenye matundu mengi hulainishwa katika maji ya moto au katika tanuri dogo. Mgonjwa hulala chali. Wataalamu huivuta karatasi ile juu ya uso wake ikiwa ya uvuguvugu, wengine husema ni kama kitambaa cha maji ya moto cha kukandia. Huikandakanda ifuate pua, paji na kidevu. Baada ya dakika chache imeganda. Pumzi hupita kwa urahisi kwenye matundu. Inapopoa husinyaa kidogo, ndiyo maana mgonjwa huhisi imembana, ni kawaida. Alama za kuelekezea mionzi huchorwa juu ya barakoa, na hivyo uso wa mgonjwa haujai wino.

Wakati wa mionzi mgonjwa hubaki peke yake chumbani kwa dakika chache, lakini wahudumu humwona kwa kamera. Akiinua mkono, huja mara moja na kumfungua. Hakuna anayeachwa.

Yapo mambo manne ya kukumbuka:

1. Suka au nyoa nywele kabla ya siku ya kutengenezewa barakoa, kisha usibadilishe mtindo mpaka matibabu yaishe. Rasta, wigi au fundo la nywele likiongezeka au kuondoka, kichwa hakitakaa sawasawa. Wanaume vivyo hivyo kwa ndevu.

2. Ukikonda sana, barakoa italegea. Ukivimba, itabana mno. Sema. Usinyamaze kwa aibu, maana kunyamaza kwako kwaweza kupeleka mionzi pabaya. Huenda wakakutengenezea nyingine.

3. Barakoa hubaki hospitalini. Usiombe kwenda nayo nyumbani kuiosha. Nayo inakumbuka ubapa wake, kama lile gango.

4. Jiandae kwa muda mrefu. Toka Musoma hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Bunda, na mgonjwa hawezi kwenda na kurudi kila siku. Familia na jumuiya ndogondogo zipange mapema: nani atakwenda naye, atalala wapi, chakula kitapatikanaje. Matibabu ya mionzi yaliyokatizwa katikati hupoteza nguvu nyingi.

NDUGU WA CHUMA: STENTI YA UMIO

Kumbukumbu ya umbo haiko kwenye plastiki pekee. Ipo metali inayochanganya nikeli na titani karibu nusu kwa nusu, iitwayo nitino. Iligunduliwa katika maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani, ambako William Buehler alianza kuichunguza mwaka 1959. Inasimuliwa kwamba katika mkutano mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1960, kipande cha metali hiyo kilichokuwa kimekunjwakunjwa kilipitishwa mkono kwa mkono. Mkubwa mmoja akakiwekea moto wa kiberiti cha gesi, nacho kikajinyosha mbele ya macho ya watu wote. Humo ndani hamna minyororo wala nta. Ni vijichembe vya metali vinavyobadili mpangilio wao joto linapobadilika. Lakini matokeo ni ndugu wa yale ya plastiki.

Kwetu jambo hili lina uzito, kwa sababu ya saratani ya umio, yaani ule mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ugonjwa huu unaonekana sana katika ukanda wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka hadi kusini. Mgonjwa huanza kukwamwa na ugali au nyama. Baadaye hukwamwa na wali, kisha uji, mwishoni hata mate. Wengi hufika kwetu wakati huo, wamebaki mifupa mitupu, na si saratani peke yake inayowaua bali pia njaa.

Kwa mgonjwa aliyechelewa hivyo, ambaye upasuaji haumfai tena, ipo stenti. Ni kimrija cha wavu wa nitino, mara nyingi kimefunikwa kwa utando laini. Kilitengenezwa kikiwa wazi na kipana. Hubanwa kikawa chembamba na kuwekwa ndani ya kifuko chake. Daktari hukipitisha mdomoni hadi mahali palipoziba, akivuta kifuko nje, na stenti hujipanua yenyewe kwa nguvu ya kumbukumbu yake. Hakuna kukata. Kinachokumbukwa hapa ni upana, na joto la mwili, nyuzi 37, ndilo rafiki.

Hospitali ya misheni ya Tenwek iliyoko Bomet, Kenya, ng'ambo ya mpaka wetu wa Sirari, imekuwa ikiwawekea wagonjwa stenti hizi kwa zaidi ya miaka 20, na madaktari wake waliandika mwaka 2009 katika jarida la kitabibu la kimataifa juu ya mamia ya wagonjwa waliohudumiwa hivyo. Hapa nchini huduma hii imekuwa ikitolewa Muhimbili.

Tuseme ukweli: stenti haiponyi saratani. Inamrudishia mgonjwa uwezo wa kumeza, ili siku alizo nazo azimalize akila pamoja na watu wake. Aliyewekewa stenti ale chakula laini, atafune sana, akae wima anapokula, anywe maji baada ya kula, na aepuke mapande ya nyama na ugali mkavu visije vikaziba. Asilale mara tu baada ya kula.

YANAYOKUJA

Mwaka 2002 wanasayansi Andreas Lendlein na Robert Langer walieleza juu ya uzi wa kushonea vidonda uliotengenezwa kwa plastiki yenye kumbukumbu. Daktari hufunga fundo kwa ulegevu, na uzi ukipashwa joto kidogo kuzidi la mwili hujikaza wenyewe. Tena huyeyuka mwilini baada ya muda. Katika nchi nyingine vimekwisha kuanza kutumika vizibo vya povu la plastiki hii, vinavyoingizwa vikiwa vimebanwa ndani ya mshipa wa damu wenye hitilafu, kisha hujipanua na kuuziba. Vitu hivi bado havijafika kwetu, na pengine vitachukua muda. Lakini ukivisikia redioni, utajua vinafanyaje kazi: ni ule mpira na ile nta.

NAMNA YA KUTUNZA GANGO LA PLASTIKI NYUMBANI

1. Lioshe kwa maji ya baridi na sabuni. Usitumie maji ya moto, wala usilichemshe kwa nia ya kuua vijidudu.

2. Lifute kwa kitambaa na ulianike kivulini. Usilianike juani, wala juu ya bati.

3. Usiliweke karibu na jiko, mafiga au pasi.

4. Ukisafiri, usiliache ndani ya gari lililofungwa juani, wala juu ya injini ya pikipiki.

5. Usijaribu kulirekebisha mwenyewe kwa moto. Utamwunguza mgonjwa mara ya pili.

6. Tazama ngozi kila siku. Wekundu usiokwisha, malengelenge, ganzi au vidole kuwa vya baridi ni dalili kwamba linabana. Livue na uje hospitali.

7. Likibadilika umbo, usilitupe, wala usiogope kugombezwa. Lilete hata kama limelala bapa. Njoo siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki, kwa sababu kovu halisubiri.

MASWALI YANAYOULIZWA

Je, plastiki hii ina sumu mwilini?

Iliyotengenezwa kwa kazi ya hospitali haina madhara kwa ngozi. Wachache hutokwa na jasho na kuwashwa. Kitambaa chepesi cha pamba ndani yake husaidia. Lakini usiitie motoni, maana moshi wa plastiki yoyote ni mbaya kwa mapafu.

Je, naweza kutumia bomba la maji la plastiki kumtengenezea mtu gango?

Hapana. Bomba hilo huhitaji joto kubwa zaidi kulainika, nalo likigusa ngozi huunguza vibaya. Kama umekwama mbali na hospitali, funga kiungo kwa ubao au boksi gumu na kitambaa laini, kisha mlete mgonjwa.

Je, barakoa ya mionzi inaumiza?

Haiumizi. Inabana. Ukiwa mtu wa kuogopa mahali palipobana, waambie mapema. Wataalamu wana njia za kukusaidia.

NYUZI 65

Kabla ya kuagana, nirudi kwenye namba moja tuliyoitaja. Maji ya nyuzi 65 yanatosha kuilainisha plastiki ngumu ya gango. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, yaelekea husababisha saratani ya umio. Kosa si la chai yenyewe bali la moto wake. Utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 uliwakuta watu wakianza kunywa chai ikiwa na wastani wa joto karibu na nyuzi 70.

Nasi Mara tuna desturi hiyo hiyo. Mtu hujisifu kwamba anaweza kunywa chai ikitoka jikoni, na mtoto hupewa uji ungali unafuka. Umio wetu haukutengenezwa kiwandani. Ukiunguzwa kila asubuhi kwa miaka 30, hakuna maji ya moto yatakayourudisha ulivyokuwa.

Basi, ndugu msomaji, mimina chai yako, iache dakika kadhaa, zungumza na wa nyumbani kwako, ndipo unywe. Acha tumbaku na punguza pombe kali, maana navyo huuharibu umio. Na mtu wa nyumbani akianza kukwamwa na chakula, hata kama ni mara moja kwa wiki, hata kama anasema ni vidonda vya tumbo, usingoje afikie kwenye uji. Mlete apimwe mapema, wakati madaktari bado wana mengi ya kumfanyia kuliko kumwekea stenti.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaendelea na huduma ya kwanza kwa aliyeungua moto.